Wazawa Wanataka Chumba cha Kompyuta, Wasichana Wangu Wanalala Geto

BARUA

Ndugu Mshauri,

Shikamoo kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, basi pokea salamu za kazi.

Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata, ya kutwa, katika Wilaya ya Mufindi, huku juu kwenye misitu ya mbao. Tuna wanafunzi 412 katika mikondo minane. Naomba jina langu na la shule yasitajwe, maana baadhi ya ninaowasema humu ni wasomaji wako.

Kata yetu ina umoja wa wazawa wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya mjini. Wana grupu la WhatsApp, na kwa kweli wana moyo: wamechanga Sh milioni 22 kwa ajili ya shule. Wanataka chumba cha kompyuta chenye mashine 20 za mezani, pazia, vigae na kibao cha shukrani mlangoni. Wanasema mtoto wa kijijini asiachwe na dunia ya akili mnemba. Siku ya makabidhiano wameshaipanga, Januari shule zikifunguliwa, na mgeni rasmi ameshaalikwa. Diwani kalipokea jambo hilo kwa mikono miwili.

Mwenyekiti wa umoja huo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu.

Kinachoninyima usingizi ni wasichana. Vijiji vingine vya kata viko kilometa 14 kutoka shuleni, kwa hiyo wasichana 37 wamepanga vyumba pale senta, geto kama wenyewe wanavyoita. Wanakaa watatu watatu katika chumba cha Sh 12,000 kwa mwezi, kila mzazi anatoa sehemu yake. Ijumaa kuanzia saa sita wanaanza kuaga kwenda nyumbani kuchukua matumizi, Jumatatu wanaingia saa nne wamebeba unga kichwani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku unaijua, wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha. Nyumba yenye vyumba vingi zaidi ni ya mtu mwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, hapo hapo uani. Mwaka jana wawili waliacha masomo kwa ujauzito. Mmoja amerudi baada ya kujifungua, namshukuru Mungu na mama yake.

Hizo milioni 22 ningepewa mimi, ningejenga hosteli. Nilipodokeza kwenye grupu, mmoja akajibu: "Mwalimu, hosteli ni mawazo ya mwaka 47." Wengine wakaweka vicheko. Usiku shemeji akanipigia, kwa upole, akaniomba nisimwangushe mbele ya watu.

Makamu wangu, mwalimu wa siku nyingi, hataki kompyuta wala hosteli. Anataka vitabu na kambi ya kidato cha nne. Anasema afisa elimu akija haulizi kompyuta ngapi, anauliza sifuri ngapi.

Tena kuna hili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia. Siku hizi ukuu wa shule ni mifumo: FFARS ya fedha, SIS ya taarifa za shule, PREM ya Baraza la Mitihani, na karibu yote namtegemea kijana wetu wa Fizikia ndiye aingize. Walimu vijana wananiletea maandalio ya somo yaliyoandikwa na akili mnemba, na mtaala nao umebadilika. Nikipinga kompyuta watasema naogopa nisichokijua. Labda ni kweli, sijui.

Umeme tunao tangu REA, wakala wa umeme vijijini, walipopita, ila mashine za kupasua mbao pale senta zikiwashwa, taa ya ofisini kwangu hufifia. Ruzuku ya uendeshaji inayotua kwenye akaunti ya shule ni wastani wa Sh 430,000 kwa mwezi.

Kikao cha bodi kiko karibu. Nikubali, nikatae, au ninyamaze bodi iamue?

Mkuu wa Shule, Mufindi

JIBU

Kamwene, Mwalimu.

Katika barua yako naona mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na ndiyo maana yanakulemea. Kuna fedha ambazo si zako lakini matunzo yake yatakuwa yako. Kuna wasichana 37 ambao usiku wao hauko mikononi mwako, ila matokeo yao utaulizwa wewe. Na kuna shemeji ambaye ukimkatalia leo, utakutana naye msibani wiki ijayo. Kila moja lina njia yake, na sidhani kama jibu moja litayatosha yote.

Kwanza nikuulize: nani alisema ni kompyuta au hosteli? Umeandika kana kwamba milioni 22 ni hosteli iliyosimama, wamekuja watu wakaigeuza kompyuta. Kwa bei za leo za saruji, nondo na mabati, fedha hiyo itakufikisha kwenye boma, pengine lentani. Kisha Novemba mvua zinaanza. Umeona maboma mangapi ya nguvu za wananchi yakinyeshewa huko, yakisubiri bati kutoka halmashauri? Sisemi usijenge. Nasema kwamba ulinganisho ulio nao kichwani, chumba kilichokamilika dhidi ya hosteli iliyokamilika, haupo mezani.

Tuanze na kompyuta, kwa kuwa ndizo zenye tarehe.

Mashine ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 100 hadi 200. Chukua 150. Mashine 20 ni kilowati 3. Ukiziwasha saa 4 kwa siku, siku 20 za masomo, ni yuniti 240 kwa mwezi. Kwa karibu Sh 350 kwa yuniti pamoja na kodi, hiyo ni Sh 84,000: takriban moja ya tano ya ruzuku yako, kabla ya chaki, karatasi za mitihani na bando. Laptopu hula wati 50 hivi. Idadi ile ile, saa zile zile, ni yuniti 80, Sh 28,000.

Halafu ile taa yako inayofifia. Hiyo ni taarifa ya kitaalamu, Mwalimu, usiichukulie kama kero tu. Mota za kupasulia mbao zinapoanza kuzunguka, msongo wa umeme unashuka. Mwombe fundi mwenye mita apime kwenye soketi ya ofisini kwa wiki nzima, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na uandike kila kipimo. Kawaida ni volti 230. Ukikuta mara kwa mara iko chini ya 200, mashine za mezani zitakuwa zinajizima na kujiwasha katikati ya kipindi, na pawa saplai zitaanza kuungua moja moja. Chaja nyingi za laptopu hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, na betri yake huvumilia umeme ukikatika. Vipimo hivyo peleka TANESCO kwa barua. Yawezekana transfoma imezidiwa, na hilo watalirekebisha wao, si wazawa. Radi nayo isisahaulike. Chumba kisicho na ethi (waya wa kushusha umeme ardhini) iliyochimbiwa vizuri kinaweza kupoteza mashine zote mchana mmoja wa Desemba, na kuzima swichi hakutoshi, plagi ichomolewe wingu likianza kujifunga.

Sasa ratiba, ambayo sidhani kama kuna mtu kwenye lile grupu ameigusa. Mikondo minane, kila mmoja wanafunzi 51 au 52. Wakikaa wawili wawili kwenye mashine 20 ni 40, waliobaki watachungulia. Kwa hiyo utagawa kila mkondo mara mbili: makundi 16. Kila kundi likipata vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, ni vipindi 32. Nani atavifundisha? Nina hakika kila mtu anamwangalia kijana wa Fizikia. Basi Fizikia atafundisha nani? Na akihamishwa?

Lakini hesabu hiyo hiyo ina zawadi ndani yake. Kundi la nusu mkondo ni wanafunzi 26. Wakikaa wawili wawili wanahitaji mashine 13. Namba 20 haikutoka kwenye ratiba. Imetoka kwenye picha ya siku ya makabidhiano. Ukienda na laptopu 13 na kabati la chuma la kuzifungia, kuna fedha inabaki. Ibaki kwa ajili ya nini, hilo ndilo la kuzungumza na umoja: umeme wa miaka miwili, matengenezo, mafunzo ya walimu wawili badala ya mmoja, au kitu kwa ajili ya wale wasichana. Intaneti pia si lazima iwe ya bando kila siku. Programu ya Kolibri ni ya bure. Mashine moja hubeba masomo na nyingine zikasoma kutoka kwake bila mtandao, na vitabu vya kiada mnavipata kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu.

Vyumba vya kompyuta mashuleni haviuawi na wezi peke yao. Mkuu anaogopa wizi, anakaa na funguo mwenyewe, walimu wanachoka kuomba, mwanafunzi mmoja anachomeka flashi yenye virusi, panya wanakula nyaya za nyuma, na baada ya mwaka chumba kinatunza madawati mabovu. Pazia na vigae havizuii lolote kati ya hayo.

Tuje hosteli. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ndiko moyo wako uliko. Hosteli ya wazazi haibadilishi usajili wa shule yako; inabaki ya kutwa, na serikali haitaleta fedha ya chakula. Msichana mmoja kwa ugali mara mbili na uji asubuhi anahitaji karibu gramu 600 za unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 18, yaani debe moja la mahindi ukisaga dona. Ukikoboa sembe, ongeza. Maharage gramu 100 kwa siku, kilo 3 kwa mwezi. Wasichana 37 ni kilo 666 za unga na 111 za maharage kila mwezi, pamoja na kuni, chumvi, mafuta, mpishi, mlinzi na mlezi wa kike anayelala humo humo. Mufindi mahindi yapo, najua. Lakini Februari, mavuno ya mwaka jana yameisha na mapya bado shambani, debe litatoka kwa nani? Na mtoto ambaye mzazi wake hana debe, utamrudisha geto?

Kuna usalama pia. Mkoa wako wa Iringa haujasahau Sekondari ya Idodi, 2009, moto wa bweni uliochukua wasichana 12. Milango miwili inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyofungwa nondo kila upande, taa za umeme badala ya mishumaa, vitanda vyenye njia katikati: hayo huingia kwenye ramani kabla ya msingi, hayaongezwi baadaye.

(Na huyo wa mwaka 47, siku moja muulize taratibu watoto wake wanasoma wapi. Nisingeshangaa jibu likiwa bweni.)

Kati ya geto la sasa na hosteli ya ndoto yako kuna nafasi ambayo barua yako imeiruka. Wasichana 37 wakikaa watatu watatu ni vyumba 13, Sh 156,000 kwa mwezi. Fedha hiyo wazazi wanailipa tayari, na sehemu kubwa inakwenda kwa mwenye kilabu. Je, wazazi hao wakikaa pamoja, fedha ile ile haiwezi kupanga nyumba mbili nzima mbali na ulanzi, na mama mmoja anayeheshimika akakaa nao? Hatari yake ni kwamba likitokea baya, mtaulizana nani alikuwa na dhamana. Kwa hiyo mkataba usiusaini wewe kama shule. Wausaini wazazi kupitia kamati yao, serikali ya kijiji ishuhudie, wewe na mwalimu wa malezi mbaki na daftari: nani analala wapi, na namba ya simu ya mzazi. Michango yoyote ipite kwenye mkutano wa wazazi wenye muhtasari na mkurugenzi ajulishwe kwa maandishi, na asifukuzwe mtoto kwa kukosa.

Jiko la mkaa halingoji kikao. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na chumba kilichofungwa kinaua watatu kwa usiku mmoja. Mwalimu wa malezi na mwenyekiti wa kitongoji wanaweza kupita vyumba vyote 13 jioni moja. Jiko likipikia nje libaki nje, na blanketi la ziada ni ombi ambalo hata grupu la WhatsApp halitalikataa.

Jambo moja sikuliona kwenye barua. Wavulana wa geto je? Hukuwataja hata mmoja. Pengine hawapo, pengine tumezoea kuona mvulana wa geto hana shida. Kabla ya bodi, chukua madaftari ya mahudhurio ya muhula mmoja uhesabu Ijumaa na Jumatatu tu, kwa makundi manne: wasichana wa geto, wavulana wa geto, wanaotembea mbali, wanaokaa karibu. Ukiweza, weka alama zao za muhula pembeni. Unaweza kukuta ulivyodhani. Unaweza pia kukuta wanaotembea kilometa 8 kila siku wana hali mbaya kuliko wa geto, na hapo hata hosteli yako itahitaji kufikiriwa upya.

Kuhusu kuogopa usichokijua: kutojua kompyuta hakukupunguzii ukuu, lakini sehemu moja ya utegemezi wako nisingeiacha. Malipo ya FFARS yanatoka kwa jina lako. Jifunze kuingia na kuidhinisha mwenyewe, na nywila iwe yako peke yako. Kijana abaki kuingiza taarifa kwa akaunti yake. Akikaa nawe saa moja kila wiki, utafika. Maandalio ya akili mnemba huna haja ya kuyapiga marufuku wala kuyashangilia. Mwambie mwalimu alete na muhtasari wa somo, mkae naye. Angalia kama umahiri uliotajwa upo kwenye mtaala wetu wa sasa au ni wa nchi nyingine, kama kazi zote zinaingia kwenye dakika 40, na kama linataja projekta wakati huna projekta. Mwalimu wa Historia anaweza kukagua hivyo hata andalio la Kemia.

Makamu wako anasema kweli kuhusu vitabu. Mpe nafasi aseme mbele ya bodi na hesabu yake.

Umeuliza kukubali, kukataa au kunyamaza. Ukikubali kama ilivyo, Januari itakwenda vizuri na shida itaanza Machi, umeme ukiisha. Ukikataa, milioni 22 zinaweza kwenda kata jirani, na safari ijayo hawatakupigia. Kunyamaza ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu wewe ndiye katibu wa bodi. Ajenda inatoka mezani kwako, hivyo kimya chako nacho kitasomeka kwenye muhtasari. Kuna kujadiliana upya: kupokea kwa masharti yaliyoandikwa, mashine chache, fungu la uendeshaji, na ahadi ya awamu ya pili kwa ajili ya malazi. Nako kuna hatari yake, kwamba shemeji atasikia kukataliwa kwa lugha nzuri.

Kwa vyovyote itakavyokuwa, fedha isipite kwenye simu yako wala ya shemeji. Iingie akaunti ya shule, ionekane kwenye mfumo, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ziundwe na watu tofauti. Wakileta vifaa badala ya fedha, viingie kwenye leja siku hiyo hiyo. Undugu wenu ndio unaofanya hili liwe la lazima kuliko kwa mkuu mwingine.

Na mume wako? Amepita kwenye barua mara moja tu, kama njia ya kumfikia kaka yake. Huenda hataki kuingizwa, na ni haki yake. Huenda pia anajua kitu kuhusu kaka yake ambacho wewe hukijui, kwa mfano aliahidi nini kwa mgeni rasmi, na kwa nini Januari.

Ukiamua kuzungumza na shemeji, iwe kabla ya bodi, nje ya grupu, ana kwa ana kama atakuja nyumbani. Mpelekee ile ratiba ya vipindi 32 na vipimo vya umeme, umwombe akusaidie kuvipatia jibu, halafu msikilize. Mwenyekiti aliyepewa tatizo la kutatua huongea tofauti na aliyepewa pingamizi. Hosteli usiitaje kwenye mazungumzo hayo ya kwanza, isipokuwa aulize mwenyewe.

Mshauri